Anayelipa Ana Haki ya Kuonyeshwa Hesabu

Watani wetu husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tumetaniwa hivyo Moshi, Lushoto na Dar es Salaam mpaka tumezoea, na wapo wenzetu wanaocheka kwa aibu. Mimi sioni aibu. Kinachonisikitisha ni kwamba siku hizi utani huo hautuhusu tena. Fedha ya zahanati inapotea, mchango wa madarasa unapotea, na Mpare yuko kijiweni ananung'unika. Kesi yenyewe hakuifungua.

Pita stendi ya Same, pita sokoni Gonja Maore au gengeni Hedaru, utayasikia maneno yaleyale: wote ni walewale, wanakula wao na watoto wao, kura haina maana, serikali ndiyo hiyo tutafanyaje. Hasira ipo, na ina sababu. Lakini hasira ya namna hii humfurahisha mla fedha kuliko mtu mwingine yeyote. Ukishasema wote ni wezi, umemsamehe yule mmoja mwenye jina, cheo na sahihi yake kwenye hati ya malipo. Amejificha katikati ya "wote", na wewe ndiye uliyemfichia.

Wazee wetu hawakuwa hivyo, na ushahidi uko hapahapa Same. Januari 1945 watu walishuka milimani kwa maelfu, kutoka Usangi na Ugweno ambako leo ni Wilaya ya Mwanga, na kutoka huku kusini, wakaja kukaa makao makuu ya wilaya. Kisa kilikuwa kodi waliyoiita mbiru. Zamani kila mwanamume alilipa kiwango kimoja. Wakati wa vita vikuu vya pili serikali ya Mwingereza, ikipitia kwa machifu, ilileta kodi ya kukadiriwa, kwamba mwenye mali zaidi alipe zaidi. Nani anakadiria? Chifu na watu wake. Kwa kipimo gani? Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi. Mtu aliitwa, akatajiwa kiasi, akaambiwa alipe. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria na mwana wa Upare, aliyaandika mambo haya katika kijitabu kilichochapishwa mwaka 1971, na ingekuwa heri kila shule ya sekondari ya wilaya hii iwe nacho.

Angalieni walichokidai. Hawakusema hawataki kodi. Walikuwa tayari hata kuongezewa kile kiwango cha zamani, mradi kila mtu ajue analipa nini na kwa nini. Nisiwapambe kupita kiasi: kwa kanuni, kodi inayofuata mali ya mtu ina haki kuliko kodi ya kichwa inayomtoza maskini sawa na tajiri. Mwingereza alikuwa na hoja. Alichokosa ni kuaminiwa, na hakuaminiwa kwa sababu hesabu ilifanywa chumbani na jibu likaletwa uwanjani.

Miezi ikapita, wanaume wako Same, mashamba yanawangoja. Mwaka 1946 wanawake nao wakaingia. Bwana Shauri, ofisa wa wilaya wa kikoloni, alipofika Usangi walimzingira, wakampa mashauri mawili achague: ama amalize shauri la waume zao warudi nyumbani, ama awape mimba wote yeye mwenyewe. Ofisa wa dola kubwa, mwenye askari na kofia, hakuwa na jibu la swali hilo! Mwishowe mbiru ikaondolewa, kiwango kimoja kikarudi kikiwa kimepandishwa kidogo, na watu wakalipa. Katika mwaka huohuo wa 1946 ukazaliwa umoja wa Wapare, kimojawapo cha vyama vilivyowafundisha watu wa nchi hii kukutana, kuandika muhtasari na kudai.

Msidhani hayo ni mambo ya wakoloni na ya zamani tu. Australia ni nchi tajiri, yenye bunge la zamani na magazeti makali. Mwaka 2016 serikali yake ilianza kuwaandikia barua watu waliokuwa wakipokea posho ya ustawi wa jamii, ikiwaambia wanadaiwa. Kompyuta ilichukua kipato cha mtu cha mwaka, ikakigawa sawasawa kwa kila wiki mbili, ikamhesabia deni kana kwamba kila mtu hufanya kazi kwa mkondo mmoja mwaka mzima. Kibarua aliyepata kazi miezi mitatu na kukaa bure miezi tisa akaonekana mwizi. Wala haikuwa kazi ya serikali kuthibitisha deni. Aliyeandikiwa ndiye alitakiwa athibitishe kwamba hadaiwi. Zaidi ya watu laki nne waliingia katika mkumbo huo. Mahakama ilikwisha kuonyesha mwaka 2019 kwamba hesabu hiyo haikuwa halali, serikali ikalazimika kurudisha na kufuta madeni ya zaidi ya dola bilioni moja, na Julai 2023 tume iliyoongozwa na Catherine Holmes, jaji mkuu mstaafu wa Queensland, ikatoa ripoti iliyowavua nguo mawaziri na makatibu wakuu. Hata hivyo, chombo kipya cha kupambana na rushwa cha nchi hiyo kilikataa kwanza kuwachunguza waliotajwa, mpaka kiliposutwa na mkaguzi wake mwenyewe ndipo kikageuza uamuzi. Waaustralia nao wana vijiwe, na maneno ya vijiweni kwao ni yaleyale ya stendi ya Same. Tofauti iliyowaokoa ni kwamba walikuwapo watu walioshika barua mkononi wakauliza: nionyesheni mmepataje namba hii.

Hapa kwetu tumewahi kuuliza hivyo na tukajibiwa. Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza, kila mwenye kumtumia mama yake fedha ya chumvi kijijini aliiona inavyokatwa. Kelele zikawa za jambo moja, lenye kiwango kinachojulikana. Septemba mwaka uleule serikali ikaipunguza kwa asilimia 30, na viongozi wakaanza kusimama kueleza fedha imekwenda wapi. Kelele ya jumla isingefika kokote.

Sasa tazameni mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe. Ulianza kujengwa mwaka 2014, maji yatoke bwawa la Nyumba ya Mungu. Mikataba ikavunjika, kazi ikashikwa na mikono mingine, mawaziri wakaja na kuondoka, kila mmoja na tarehe yake ya kukamilisha. Aliyeanza darasa la kwanza mwaka ujenzi ulipoanza alimaliza kidato cha nne bomba bado kavu, na dada zake bado wanasukuma madumu. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia, maana maji ni maji. Lakini katika shangwe ile ni nani aliyeuliza ile miaka ya kuchelewa ilitugharimu kiasi gani, na nani atabeba gharama hiyo? Mradi ukichelewa, bei ya bomba inapanda, riba ya mkopo inatembea, na mlipaji ni yuleyule mwenye dumu. Uzinduzi si hesabu. Utepe ukikatwa, ndipo daftari lifunguliwe.

Kasoro yetu nyingine ni kwamba tumefundishwa kupenda kufukuzwa kwa mtu kuliko kuelezwa kwa jambo. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, na miaka sita baadaye likaja sakata la fedha za Escrow ya Tegeta, mawaziri wakaanguka tena. Kisha zikaja zama za kutumbua majipu, yaani kufukuza viongozi hadharani, watu wakishinda redioni kusikiliza nani katumbuliwa leo. Aprili 2016 ilimfikia hata dada yetu Anne Kilango Malecela, aliyekuwa mbunge wa Same Mashariki na mkali wa ufisadi bungeni. Alivuliwa ukuu wa mkoa wa Shinyanga kwa kusema mkoa wake hauna watumishi hewa, kumbe walikuwapo. Tulipiga makofi au tulinuna, kila mtu na upande wake. Ila ni wangapi kati yetu waliouliza jina la mtumishi hewa linaingiaje kwenye orodha ya mishahara, nani analiidhinisha, na fedha iliyokwisha kulipwa imerudishwa shilingi ngapi? Jimbo hilohilo la Same Mashariki, katika uchaguzi wa 2015, lilimpeleka bungeni Naghenjwa Kaboyoka, akawa mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali. Kwa hiyo sisi watu wa milima hii tunaijua kazi ya kusoma vitabu vya Mkaguzi Mkuu, ila tumewaachia wabunge.

Twendeni kijijini, ambako hakuna wa kumsingizia. Nimekaa katika mikutano mikuu ya vijiji mara nyingi, na karibu yote huenda hivi. Mtendaji anasimama na karatasi. Anasoma mapato, anasoma matumizi: posho za vikao, usafiri, ukarabati, na mwisho kabisa "mengineyo". Mengineyo mara nyingi ndiyo kubwa kuliko yote. Anasoma kwa kasi ya mtu anayekimbilia basi la mwisho kwenda Moshi. Kisha mwenyekiti anauliza: mmeelewa? Tumeelewa! Yapite? Yapite! Mikono juu. Waliokuja kwa tangazo la mbolea wanauliza mbolea itafika lini. Nusu saa baadaye, njiani, watu walewale walioinua mikono wanaambizana kwamba mtendaji ni mwizi.

Ndugu zangu, mbona kwenye ndiva, mabwawa yetu ya kumwagilia mashamba, hatuko hivyo? Kwenye vijiji vyenye ndiva, kama ile ya Manoo kule Bangalala, maji hukusanywa usiku na kufunguliwa asubuhi, na kila mwenye zamu anajijua. Asiyetokea kwenye msaragambo wa kuondoa tope anatozwa faini mbele ya wenzake, na maji yakipungua mfereji mmoja, asubuhi hiyohiyo watu wamepanda kuangalia nani kakata kingo. Hakuna anayesema wote ni walewale. Wanauliza: zamu ilikuwa ya nani? Tunajua kusimamia mali ya pamoja, tena bila semina. Lakini mali hiyo ikigeuka kuwa fedha ya halmashauri, tunaiona kama mali ya mtu mwingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtendaji asiyeulizwa daftari hana haja ya kuwa mwizi wa kuzaliwa, ataupata wizi hapohapo kazini.

Wapo watakaoniambia: mwandishi, unazungumza kama hujui nchi ilivyo. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 chama kimoja kilichukua karibu asilimia 99 ya viti vya vijiji, uniambie mwenyekiti wangu ananiogopa kwa lipi? Hoja hiyo ni nzito, siidharau. Wala sisahau Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, vijana walipoingia barabarani, intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje ikatangazwa Dar es Salaam na watu wakapoteza maisha, mpaka ikaundwa tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Serikali yoyote yenye akili inapaswa kujiuliza: vijana hawa walikuwa wameyapeleka wapi maswali yao kabla ya siku ile, na nani aliyewafungia mlango? Nawaambia watawala bila kuficha kwamba anayewaziba watu midomo mkutanoni anawatuma barabarani.

Lakini lawama hiyo kwa watawala haituondolei sisi wajibu wetu. Pasipo na mpinzani kwenye kiti, mkutano mkuu wa kijiji ndio mpinzani uliobaki. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano huo ukae angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe, awe na kadi ya chama au asiwe nayo. Katiba, ibara ya 8, inasema serikali itawajibika kwa wananchi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuandika barua kwa ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Barua moja, bahasha moja, na nakala unayobaki nayo iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Waliolala nje Same mwaka 1945 hawakuwa na hata moja ya silaha hizi.

Basi wewe uliye Suji, Makanya, Chome, Kihurio au Vudee, mkutano ujao usiende kusikiliza habari za mbolea peke yake. Karatasi ikishasomwa, usiinue mkono kwanza. Simama, taja jina lako na kitongoji chako, kisha omba daftari la fedha lifunguliwe na risiti zionekane, na omba "mengineyo" yatajwe moja baada ya jingine. Ukiambiwa majibu yataletwa kikao kijacho, omba hilo liandikwe kwenye muhtasari pamoja na tarehe. Tarehe ikipita, mwandikie mkurugenzi wa halmashauri barua, na jirani zako watie sahihi chini ya yako.