Giza Lenye Uzito

Usiku usio na mwezi, ukisimama pwani ya Kalundu, ziwa lenyewe hulioni. Unaziona taa za wavuvi wa ndagala tu: hapa zimesongamana, pale pana pengo, na bila kuambiwa unakisia samaki waliko. Toleo hili linahusu elimu iyo hiyo, ila ziwa lake ni anga.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky alipima mwendo wa galaksi za kundi la Coma. Zilikwenda mbio mno. Kwa uzito wa nyota zinazoonekana peke yake, kundi lingekwisha kutawanyika zamani. Kipo kitu kilichozishika. Hakusikilizwa sana hadi miaka ya 1970, Vera Rubin na Kent Ford walipokuta nyota za pembezoni mwa galaksi zikizunguka karibu kwa kasi ile ile ya zile za ndani. Leo inahesabiwa kwamba mawe, maji, nyota na sisi wenyewe ni kama asilimia 5 ya ulimwengu. Kitu hicho kisichoonekana, kinachoitwa maada ya giza, ni kama 27. Galaksi zilikusanyika pale giza hilo lilipojikusanya, zikajipanga mithili ya wavu, pamoja na majabali kama Ukuta Mkuu wa Sloan, wenye urefu wa zaidi ya miaka ya nuru bilioni moja.

Mfano wangu una kasoro: ziwani taa humwita samaki, angani giza ndilo lililoita taa.

Tumeulizwa kwa nini mji wetu, uliobomolewa na mafuriko ya mto Mulongwe Aprili 2020, tena wenye vita mlangoni, upoteze kurasa kwa mambo hayo. Kwani ziwa letu la Tanganyika tunalijuaje? Kina chake ni mita 1,470, na chini ya mita 200 hakuna oksijeni. Hayo yalijulikana kwa kamba na chupa za kuchotea maji, si kwa macho.

Hata hivyo, hakuna mtambo uliokwisha kuinasa chembe ya giza hilo, na tangu 1983 Mordehai Milgrom anashikilia kuwa kinachohitaji kurekebishwa ni kanuni ya uvutano. Mimi niko upande wa Zwicky, lakini Milgrom naye amepewa kurasa zake.

Januari, kiasi cha saa tatu usiku, ndugu msomaji, tazama kusini juu ya ziwa. Doa lile jeupe ni Wingu Kubwa la Magellan. Kati ya 1992 na 1999 mradi wa MACHO ulizikodolea macho nyota zake kwa mamilioni, ukitafuta magimba meusi yanayopita mbele yake. Yalipatikana machache, yasiyotosha kulieleza giza hilo.