Walijua, Wakaficha Jina



Wapo wanaowatetea waasisi wa Marekani kwa kudai kwamba waliishi katika zama ambazo ubaya wa utumwa ulikuwa haujajulikana. Tunaukataa utetezi huo, tena kwa ushahidi.

Mwaka 1688 Wakristo wanne wa Germantown, Pennsylvania, waliandika hati ya kuupinga utumwa, wakaipeleka mbele ya Marafiki, yaani Quaker. Hoja yao kubwa ilikuwa ileile ya Injili: mtendee mwenzako kama upendavyo kutendewa. Wakubwa wa mkutano wakaona jambo ni zito mno, wakaliweka kando.

Mwaka 1781 mwanamke mtumwa wa Massachusetts, aliyeitwa Bett na baadaye Elizabeth Freeman, alikwenda mahakamani kumdai bwana wake uhuru, pamoja na mtumwa mwenzake, Brom. Katiba ya jimbo hilo ya mwaka 1780 ilitamka kuwa watu wote huzaliwa huru na sawa. Je, Bett hakuwa mtu? Wakili Theodore Sedgwick akaisimamisha kesi juu ya tamko hilo. Bett na Brom wakaachwa huru, na bwana akaamriwa kulipa fidia ya shilingi 30. Sisi wanasheria hatuisomi kesi hii bila wivu kidogo.

Basi waliokutana Philadelphia mwaka 1787 walijua. Someni walichokiandika: katika Katiba yao neno "mtumwa" halikuwekwa popote. Panatajwa "watu wengine", ambao watano kati yao wahesabiwe kama watatu katika kugawa viti vya Bunge, ili bwana apate viti kwa vichwa vya watu aliowanyima kura. Panatajwa "watu" ambao kuingizwa kwao nchini kusikatazwe kabla ya mwaka 1808. Panatajwa mtu anayedaiwa kazi, ambaye akitorokea jimbo jingine sharti arudishwe kwa mdai wake. Ni uandishi wa sheria uliofanywa kwa ustadi mkubwa, na ustadi huo ndio unaowahukumu. Mtu hafichi jina la jambo asilolionea haya.

Mwaka 1790 Benjamin Franklin, mzee aliyekaribia kufa, alitia sahihi ombi la kulitaka Bunge lichukue hatua. Bunge likajibu kwamba halina mamlaka ya kuwaweka huru watumwa walio katika majimbo. Hesabu ya watu ya mwaka huohuo ilikuta watumwa karibu 700,000.

Maombi hayakukoma. Watu wa makanisa waliandika, na wanawake wasio na kura wakakusanya sahihi nyumba kwa nyumba. Mwaka 1836 Baraza la Wawakilishi likapitisha kanuni kwamba maombi yote yahusuyo utumwa yawekwe mezani bila kujadiliwa. Tunauliza: asiyejua huziba masikio ya nini? John Quincy Adams, aliyekuwa rais kabla ya kurudi bungeni, aliipinga kanuni hiyo mwaka hadi mwaka, huku mabunda ya maombi yakizidi kuwasili. Ilifutwa Desemba 1844.