Tuwaonyeshe Vijana Wetu Barua, Si Orodha ya Majina

Kijana wa miaka 15 katika jumuiya yetu hapa Ohio haendi mbali kutafuta habari za Wayahudi. Zinamfuata kwenye simu: video ya dakika moja inayodai kwamba Wayahudi ndio wenye benki zote za dunia, nyingine inayofanyia mzaha mauaji ya mamilioni yao, nyingine inayowasifu hadi wasionekane tena kuwa watu. Shuleni anakaa dawati la pili kutoka kwa mwenzake Myahudi na hajui amuulize nini. Nyumbani sisi wazazi hunyamaza, au husema neno moja tulilolisikia zamani na kuliacha hapo. Kwa hiyo kamati ya vijana imeamua kuwa vikao vya Jumamosi vya msimu huu wa baridi vihusu mchango wa Wayahudi duniani, na vijana wajifunze kupitia maonyesho na nyaraka zilizowekwa mtandaoni. Jarida hili linaunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Lina neno, hata hivyo, juu ya namna ya kuutekeleza.

Njia nyepesi ni orodha. Einstein, Freud, washindi wa Nobel mmoja baada ya mwingine, picha na mwaka, kijana anabonyeza na kupita. Majina ni ya kweli, lakini orodha inafundisha vibaya. Anayeimaliza hubaki na moja kati ya mawili: ama Wayahudi wameumbwa na akili ambazo binadamu wengine hawakupewa, ama kuna mkono uliofichika unaowapandisha juu. Hilo la pili ndilo lile lile la video za chuki. La kwanza nalo halina heri, kwa sababu linamnyang'anya mtu jasho lake. Tunataka vijana wamwone mtu akiwa kazini: ametoka wapi, nani alimfungulia mlango na nani alimfungia, alipatia wapi, na wapi kazi yake inatuachia maswali.

Tuanze na mtu wa hapa hapa Ohio. Awe ametoka Bukavu, Mombasa, Bujumbura au Unguja, hakuna mzazi kati yetu asiyeyajua matone ya polio. Tumepanga foleni kliniki, kadi mkononi na mtoto mgongoni. Chanjo hiyo ya matone ilitengenezwa na Albert Sabin, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1906 Białystok, mji uliokuwa chini ya Urusi na leo uko Polandi. Familia yake ilifika Marekani mwaka 1921, yeye akiwa na umri wa vijana wetu. Mwaka 1924 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowabana vikali wahamiaji wa Ulaya ya Mashariki. Mwaka 1941 askari wa Kijerumani walilichoma sinagogi kuu la Białystok likiwa na mamia ya watu ndani. Vijana wetu ambao shangazi na binamu zao bado wanasubiri katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, hawahitaji kuelezwa uzito wa ile miaka mitatu kati ya 1921 na 1924.

Sabin aliingia hospitali ya watoto ya Cincinnati mwaka 1939, na kazi yake kubwa aliifanyia humo. Nyaraka zake ziko Chuo Kikuu cha Cincinnati, na maelfu ya barua zake zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni kwa yeyote. Kwa kijana wa haiskuli hii ni hazina, maana anakutana na sayansi kabla haijawa sura ya kitabu. Anaona kwamba katikati ya Vita Baridi, Marekani na Umoja wa Kisovieti zikitishiana mabomu, Sabin aliwapa wanasayansi wa Moscow virusi alivyovidhoofisha, na mwaka 1959 mamilioni ya watoto wa huko wakapata matone kabla ya watoto wa Marekani. Tarehe 24 Aprili 1960, siku ya Jumapili, watoto wa Cincinnati nao walipelekwa kuyapokea. Sabin hakuchukua hataza ya chanjo hiyo, hivyo hakudai malipo ya ugunduzi wake. Tarehe 25 Agosti 2020 ikatangazwa rasmi kwamba kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani haina tena kirusi cha polio cha asili.

Habari hiyo ina ukurasa mgumu, nao usirukwe. Kabla ya kuwafikia watoto wa mji, Sabin alijijaribia chanjo mwenyewe, akawapa mke wake na binti zake, na pia wafungwa wa gereza la Chillicothe waliojitolea. Je, mfungwa anajitolea kwa hiari kiasi gani? Waachieni vijana swali hilo walijadili. Mchango wa mtu haupungui kwa kuulizwa maswali, na kijana aliyezoea kuuliza si rahisi kudanganywa na video ya dakika moja.

Mfano wa pili unatugusa sisi watu wa Bahari ya Hindi. Katika sinagogi la Ben Ezra, Kairo ya kale, Wayahudi walikuwa na chumba cha kuwekea karatasi zilizochakaa, kwa kuwa karatasi yenye jina la Mungu haitupwi. Waislamu wa pwani yetu wanaielewa adabu hiyo bila kufundishwa. Karatasi zilirundikana humo kwa mamia ya miaka: mikataba ya ndoa, hesabu za maduka, mashairi, barua za wafanyabiashara waliopita Aden kwenda India. Mwaka 1897 Solomon Schechter alipeleka Cambridge vipande vipatavyo 193,000, na leo maktaba ya chuo kikuu hicho imeweka picha za sehemu kubwa yake mtandaoni.

Kati ya karatasi za chumba hicho imo barua ya mwaka 1170 hivi, kutoka Aidhab, bandari ya Bahari ya Shamu. Mwandishi ni Daudi bin Maimun, mfanyabiashara, anamwandikia kaka yake Musa. Anamweleza jinsi alivyovuka jangwa kwa shida, akafika na kukuta hakuna bidhaa ya maana ila nili, na sasa ameamua kuendelea kwa bahari. Baadaye Daudi alizama Bahari ya Hindi. Kaka yake, aliyekuwa akisoma na kuandika kwa fedha za mdogo wake, aliugua kwa majonzi karibu mwaka mzima, kisha akashika utabibu ili kuilisha familia. Huyo ndiye Musa bin Maimun, anayejulikana Ulaya kwa jina la Maimonides, mwanasheria na mwanafalsafa mkubwa wa Kiyahudi, aliyetibu watu wa baraza la Sultani Salahuddin. Barua ya Daudi ni ya Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, kama bibi zetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kijana akiikuza picha hiyo hadi aone mwandiko, amejifunza kwamba nyuma ya kila jina kubwa kuna mtu aliyebeba mizigo. (Nani kati yetu ana barua za bibi za namna hiyo kwenye sanduku? Tuzipige picha kabla hazijaliwa na mchwa.)

Mifano mingine ipo. Chuo Kikuu cha Fisk kimeweka mtandaoni picha za shule karibu 5,000 za watoto weusi wa kusini mwa Marekani, zilizojengwa kwa fedha za tajiri Myahudi Julius Rosenwald pamoja na michango na nguvu za wazazi wenyewe. Yupo Denis Goldberg, Myahudi wa Afrika Kusini aliyehukumiwa kifungo cha maisha pamoja na Nelson Mandela mwaka 1964. Wapo Abayudaya wa Mbale, Uganda, waliofuata dini ya Kiyahudi tangu kiongozi wao Semei Kakungulu alipoishika mwaka 1919, na nyimbo zao zinasikilizwa mtandaoni. Anayedhani Myahudi lazima awe mweupe aanze hapo.

Wazazi kadhaa wametuuliza: kwa nini sasa, wakati Gaza inalia? Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Kusoma barua za Sabin si kuitetea serikali yoyote, na kijana anayelia kwa ajili ya watoto wa Gaza asikatazwe kusema hivyo katika vikao vyetu. Anayewalilia waliouawa na kutekwa nchini Israeli tarehe 7 Oktoba 2023 asikatazwe vilevile. Tusilolikubali ni kijana kumchukia mwanafunzi mwenzake kwa sababu ya vita ambavyo mwenzake huyo hakuvianzisha. Sisi wenyewe tumekimbia nchi ambamo watu waliuawa kwa ajili ya kabila la baba zao.

Tunapendekeza hivi. Kila kijana achague waraka mmoja tu, akae nao kwa wiki kadhaa, kisha auonyeshe kwenye projekta na kuueleza kwa Kiswahili mbele ya wazee. Maonyesho mengi yako kwa Kiingereza, kwa hiyo kazi ya kuwafafanulia wazee itakuwa ya vijana, na wazee watakuwa na kazi ya kuuliza. Kina baba na kina mama, msiwashushe watoto mlangoni na kuondoka. Ingieni, kaeni nao, na mje na maswali yenu magumu.