Funzo la Ngoro kwa Wajenzi wa Programu za Kompyuta

Msafiri atokaye Songea kuelekea Mbinga, akishafika katika milima ya Umatengo, huona miteremko iliyojaa mashimo ya mraba mfano wa sega la nyuki. Hayo ndiyo mashamba ya ngoro, yanayozuia maji ya mvua yasichukue udongo. Kazi yake ina utaratibu. Kwanza majani hufyekwa. Kisha hupangwa kwa mistari inayokatana na kufanya miraba. Ndipo udongo wa katikati huchimbwa na kuyafukia, tuta likapatikana. Wachimbaji kumi waweza kuchimba mashimo kumi kwa wakati mmoja, lakini hakuna awezaye kufukia majani ambayo hayajapangwa. Tena tuta moja hupakana na mashimo mawili. Kwa hiyo majirani hawana budi kuelewana.

Ujenzi wa programu za kompyuta kwa kazi sambamba una kanuni hiyo hiyo. Programu kubwa huwa na sehemu nyingi, ziitwazo moduli, ambazo sharti zitafsiriwe katika lugha ya mashine, zipimwe, kisha ziunganishwe. Mwaka 1976 Stuart Feldman wa Bell Labs, Marekani, alitunga programu ya Make, ambayo husoma orodha ya mategemeo na kuamua kipi kitangulie. Maven, inayotumika sana kwa programu za lugha ya Java, hufanya kazi ya namna hiyo. Na tangu toleo la 3 la mwaka 2010 huweza kugawa moduli kwa nyuzi kadhaa za utendaji, yaani vibarua kadhaa wafanyao kazi kwa pamoja ndani ya kompyuta moja.

Faida ipo, lakini ina mpaka. Gene Amdahl aliueleza mwaka 1967. Tuchukue kazi ya dakika 60, ambayo dakika 20 kati yake haziwezi kugawanyika. Vibarua 4 wataimaliza kwa dakika 30. Vibarua 8, kwa dakika 25. Na hata wakiwa 40, dakika 21. Hakuna idadi itakayoishusha chini ya dakika 20.

Tutazame mfano wa karibu. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanzishwa mwaka 2004, ilianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na baadaye ikaenea Uganda, Rwanda na kwingineko. Hujengwa kwa Maven. Katika kiini chake, moduli iitwayo api hutangulia web, na web hutangulia webapp. Mnyororo wa namna hiyo haukatwi kwa kuongeza nyuzi. Anayengoja bado atangoja. Kabla ya kuomba fedha za kununua kompyuta zenye nguvu zaidi, yafaa kwanza tujiulize kama mategemeo ya programu zetu yanaruhusu kazi kugawanywa.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, si kupoteza dakika. Moduli moja yaweza kutumia faili linalotengenezwa na nyingine bila kulitaja tegemeo hilo. Zikijengwa moja baada ya nyingine, mpangilio wa bahati huificha kasoro. Zikijengwa sambamba, leo ujenzi hufaulu, kesho huanguka. Au, vibaya zaidi, moduli huokota faili la jana lililosahaulika, na programu ikatoka nzima machoni, kumbe ina kipande kilichopitwa na wakati. Ikiwa programu hiyo ndiyo imtunziayo mgonjwa kumbukumbu ya dawa zake, kosa hilo si mzaha.

Wapo wasemao kwamba ujenzi sambamba ukianguka, dawa ni kurudia uzi mmoja. Wanafunzi wengi hufanya hivyo, nasi walimu huwapa alama. Kwa maoni yangu, huko ni kuvunja kipimajoto ili homa isionekane. Uzi mmoja haukuponya kitu. Umeificha tu kasoro mpaka siku ambayo mtu mwingine atabadili mpangilio.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi achore mategemeo ya programu yake kwenye karatasi kabla ya kuiamuru kompyuta. Pili, kila kazi ijengwe katika folda safi isiyo na mabaki, kwa uzi mmoja na kwa nyuzi nyingi, kisha matokeo yalinganishwe. Tatu, ujenzi unaoanguka ukifanywa sambamba uhesabiwe kuwa haujakamilika, hata kama hufaulu kwa uzi mmoja.

Mkulima wa Umatengo hahitaji kufundishwa haya. Ajua kwamba wingi wa majembe hauondoi haja ya kupanga majani kwanza, na kwamba tuta la ubovu hujulikana mvua ikinyesha. Sisi tuzipime programu zetu mvua ingali mbali.