MWANANCHI AELEZWE KABLA YA KULIPISHWA

Hakuna mwananchi anayefurahia kupandishiwa bei ya maji au umeme. Lakini ipo tofauti kubwa kati ya yule aliyeelezwa mapema akajiandaa, na yule aliyeijua bei mpya siku aliyokwenda kununua umeme wa faranga elfu kumi, akapewa uniti pungufu ya zile alizozizoea. Wa kwanza atanung'unika, kisha atalipa. Wa pili ataamini kuwa ameibiwa.

Jiji letu la Bujumbura limekwisha kuonja matokeo ya jambo hili. Tarehe 27 Machi, 2012, vyama vya wafanyakazi na vya kiraia viliitisha mgomo mkuu kupinga ughali wa maisha, na miongoni mwa malalamiko makubwa ilikuwa kupanda kwa bei ya maji na umeme. Hatupendi kuona hali ile ikirejea.

Ni kweli kwamba bei hizi hazipangwi na viongozi wa mitaa. Hupangwa na Serikali, na REGIDESO ndiyo inayozitoza. Hata hivyo, mkazi wa Buyenzi au Kamenge mwenye swali haendi wizarani. Hubisha hodi kwa mkuu wa mtaa wake. Ikiwa kiongozi huyo naye hajaelezwa, au ameletewa waraka wa Kifaransa usio na ufafanuzi, uvumi ndio utakaojibu badala yake.

Yapo mambo ambayo mwananchi ana haki ya kuyafahamu. Umeme wetu mwingi hutokana na nguvu za maji. Bwawa la Rwegura linapopungua wakati wa kiangazi, umeme wake nao hupungua, na mitambo ya dizeli, ikibidi kuwashwa, hutaka mafuta yanayonunuliwa kwa fedha za kigeni. Tena bei hupangwa kwa ngazi: anayetumia kidogo hulipa nafuu, na anayetumia zaidi hulipa zaidi kwa kila uniti. Sasa tazama ua mmoja wa Buyenzi wenye kaya tano na mita moja. Matumizi yao yakijumlishwa hupanda ngazi za juu, na makabwela hao wakajikuta wanalipa bei iliyokusudiwa wenye uwezo. Na mwenye nyumba asiye mwaminifu hupata mwanya wa kuwatoza wapangaji wake apendavyo, maadamu hawaijui bei halali.

Jirani zetu wa Tanzania wameliweka jambo hili katika sheria: EWURA haiwezi kupitisha bei mpya bila kwanza kuitisha mikutano ya hadhara na kusikiliza maoni. Utaratibu huo haumalizi matatizo yote. Mwishoni mwa Desemba 2016 iliidhinishwa nyongeza ya asilimia 8.5 ya bei ya umeme, nayo Serikali ikaizuia kabla haijaanza. Lakini angalau wananchi walikuwa wamesikia hoja na kutoa zao.

Kwa hiyo basi, tunatoa wito. Tangazo la bei litolewe angalau mwezi mmoja kabla, kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Libandikwe katika ofisi za tarafa na za zoni, sokoni, na penye milango ya misikiti na makanisa, na lisomwe redioni. Lionyeshe kwa faranga kaya ya kawaida italipa kiasi gani. Na Jumamosi, baada ya kazi za jumuiya, wakuu wa mitaa wasimame mbele ya watu pamoja na mtumishi wa REGIDESO, wajibu maswali.

Katika jeshi tumefunzwa kwamba askari aliyeambiwa mapema urefu wa safari huubeba mzigo wake hadi mwisho. Wananchi wetu nao si wavivu wa kubeba mizigo. Wanachodai ni kuelezwa uzito wake kabla haujawekwa mabegani mwao. Tahadhari kabla ya hatari.