Utalii wa Milima Yetu Uko Steji

NJIA PANDA, na Akoth Ogweno

Mtajie mtu wa Nairobi Homa Bay, naye atakutajia samaki. Milima haimjii akilini hata kidogo. Ilhali mji wenyewe umekaa karibu na Got Asego, upande wa Kendu Bay umesimama Mlima Homa wenye kimo cha mita 1,751, na ukishika njia ya Mbita utapita milima ya Ruri, uione Gembe, kisha Gwassi ikufungie upeo wa macho upande wa kusini. Mingi kati ya milima hii ni masalia ya volkano zilizozima zamani sana.

Juzi nilikodi bodaboda kutwa nzima niizunguke nchi hii: Mbita, Sindo, Magunga, Sori, halafu Thimlich Ohinga kaunti ya Migori, na kurudi kupitia Ndhiwa. Nimerudi na mgongo unaouma na msimamo mmoja. Wakubwa wetu wa kaunti husubiri mwekezaji wa hoteli kubwa ndipo utalii uanze. Mtu wa kuuanzisha tayari yupo, amekalia pikipiki yake steji, anangoja abiria.

Kazi yake niliiona Gwassi. Madereva wengi wakifika mteremkoni huzima injini ili waokoe petroli. Pikipiki hushuka kwa uzito wake, na breki peke yake ndiyo inayoizuia. Huyu wangu aliingiza gia ya pili akaiacha injini iishike pikipiki, breki akiigusa mara mojamoja tu. Nilipomuuliza mbona anakawia, alinijibu bila kugeuka: “Mama, breki ikichemka hapa, kituo ni ziwani.”

Asubuhi, kabla hatujaondoka, alikuwa amenikataza kuvaa koti langu la buluu. Nilidhani ni maringo ya kijana mpenda mavazi, kumbe ni elimu. Bonde la Lambwe, linalolala chini ya Gwassi, lina mbung'o, na mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Huyo mdudu, aliyewaletea watu wa bonde hilo ugonjwa wa malale, ndiye pia aliyewafanya wengi wasite kulihamia. Pori likabaki. Mwaka 1966 likatengwa kuwa hifadhi ya wanyama, na 1983 likawa Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, kilomita 120 za mraba. Humo ndimo alimobaki korongo, swala mkubwa mwenye uso wa weusi na weupe, ambaye porini kwingine hapa Kenya hayuko tena.

Kutoka Sori kwenda Thimlich Ohinga kijana alikata kona baada ya kona bila kumuuliza mtu. Mimi peke yangu ningeuliza kila duka. Kuta zile za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kuyashika, nyingine zikizidi mita nne, zinakadiriwa kuwa na umri wa karne tano. UNESCO iliziandika katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Dereva wangu anajua njia ya kufika, anajua mvua ikinyesha ni wapi udongo mweusi utajaa kwenye madigadi gurudumu ligome kuzunguka, na anajua mama gani anapika ngege wa kweli. Historia ya ukuta wenyewe hakuijua. Hakuna aliyewahi kumfundisha.

Najua jibu la wengi: bodaboda ni ajali. Ni kweli, na wadi za hospitali zetu ni ushahidi. Lakini tangu serikali ilipoziondolea kodi pikipiki ndogo mwaka 2008 zikaenea kila kijiji, vijana wengi wamejifunzia barabarani, kwa kuanguka. Hiyo ni hoja ya kuwafundisha, haiwezi kuwa hoja ya kuwakwepa. Sheria iko wazi: abiria mmoja, kofia ngumu kwa wote wawili, na jaketi linaloakisi mwanga.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti utalii wa maeneo yao pamoja na barabara za kaunti. Basi Homa Bay na Migori zikae meza moja. Ziwachague madereva wenye leseni na rekodi safi, ziwape mafunzo ya huduma ya kwanza na ya kuendesha mlimani. Makavazi ya Kitaifa wawafundishe habari za Thimlich, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori habari za Ruma. Wakihitimu wapewe beji moja inayotambulika kaunti zote mbili, kwa sababu safari yangu ilivuka mpaka wa kaunti bila mimi kutambua. Tena bei zibandikwe steji za Mbita, Sindo na Sori. Mimi na kijana wangu tulibishana robo saa kabla ya kupatana, na mgeni asiyejua Kiluo wala Kiswahili angekata tamaa akarudi zake Kisumu.

Gharama ya haya yote haifikii msingi wa hoteli moja. Hoteli nazo zije, sizikatai. Ila zikija, zimkute mgeni ameshafika.