Mwezi Ukiandama, Nani Atatwambia?

East Ham, London

Jamaa zangu wa Unguja,

 

Mpwa wangu kaniandikia nimlipie ile huduma ya filamu ya kwenye intaneti, kwa kuwa ZBC, televisheni ya umma huko kwenu, anasema, haina kitu. Hela atapata, mjomba aliye Ulaya ni wa kuombwa. Lakini hilo neno "haina kitu" limenikaa kooni, nikaona niwaandikie nyote.

Tarehe 11 Julai 2021 England ilicheza fainali ya Ulaya na Italia pale Wembley. Nilikuwa naitazama kwenye kompyuta. Dakika mbili hazijatimia, nikasikia ukelele nyumba ya pili, kwa mzee mmoja wa Kijamaika mwenye antena juu ya paa. Kwangu mpira ulikuwa bado unapigwa pasi. Luke Shaw keshafunga kwa jirani, kwangu hajafika hata langoni! Picha ya intaneti hukatwakatwa vipande na kupangwa upya ndipo uione, kwa hiyo huchelewa. Ya antena hufika karibu papo hapo. Nikafunga kompyuta, nikenda kubisha hodi kwa mzee. Penalti tulifungwa pamoja.

Na mechi ile haikuonyeshwa bure kwa hisani ya mtu. Sheria ya hapa ya mwaka 1996 inataka haki za Kombe la Dunia, Olimpiki, fainali ya Kombe la FA na mengine machache, fainali ya Ulaya ikiwamo, zipatikane kwa stesheni ambazo karibu kila mtu anazipata bila malipo ya ziada. Ligi kuu haimo. Hiyo tangu 1992 ni ya mwenye kulipia.

"Bure" yenyewe naiandika kwa kusitasita. Leseni ya televisheni mwaka 2025 ilipanda hadi pauni 174.50 kwa nyumba, tajiri na mjane kiwango kimoja, na anayetazama bila kulipa anaweza kupelekwa mahakamani. Hilo silipendi. Hati ya kifalme ya BBC inakwisha mwishoni mwa 2027, na ugomvi wa nani alipe nini umeshapamba moto. Lakini kwa kuwa nyumba zimechanga, kila mtu ana la kusema. Ajuza akiona habari imepindishwa huandika barua kana kwamba yeye ndiye aliyemwajiri mtangazaji. Kampuni ya filamu ukiilalamikia, itakuonyesha pa kujitoa.

Kwa televisheni, nyinyi mlitangulia. TVZ, ndiyo ZBC ya leo, ilianza 1973, tena kwa rangi, wakati Tanzania Bara walingoja hadi 1994. Nakumbuka tukijazana kwa jirani Mwembetanga, mimi nje nimeshika mlingoti wa antena, ndani wanapiga kelele: "Hapo hapo! Usiachie!" Nikiachia, chenga. Kuna taarabu nzima nimeisikia hivyo, waimbaji sikuwaona hata mmoja.

Sasa wenye uwezo mnahama, kila mtu na simu yake chumbani. Anayebaki na ZBC ni yule asiye na mjomba London, na sauti yake haifiki ofisini. Mkishaondoka wenye kelele, nani ataidai itoe na habari za upande wa pili? Nani ataidai iwarekodi wazee wa taarabu kabla hawajatutoka? Filamu za kulipia ni nzuri, nami nazitazama hadi usiku wa manane. Ila jioni ya mwezi 29 Ramadhani, mmekaa mnasubiri, hamjui tambi zipikwe au daku iandaliwe, hakuna hata moja kati ya huduma hizo itakayowaambia kuwa mwezi umeonekana Pemba.

Hela ya filamu nimeshaituma. Nimezidisha kidogo, ya antena, maana nasikia ile ya zamani kunguru wameigeuza kiota. Mpwa wangu ndiye apande. Na nyinyi mtakaokuwa ndani, picha ikitulia mwambieni ashuke, msimsahau huko juu.

Wenu,
Mjomba